Msimsingizie Mungu

Kuna maneno ambayo yakisemwa hapa Huruma, Nairobi, mimi husonya papo hapo, hata mbele ya wazee. "Ni mipango ya Mungu." Mtoto akitumbukia kwenye mtaro ulioachwa wazi, mipango ya Mungu. Mama mjamzito akichelewa kufika hospitalini kwa sababu njia imezibwa, mipango ya Mungu. Ghorofa likiporomoka usiku watu wakiwa wamelala, methali nayo inaongezwa juu: kazi ya Mungu haina makosa. Mstch! Haina makosa, sawa. Lakini nani kawaambia hiyo ilikuwa kazi ya Mungu?

Juzi maneno hayo yalitua tena kijiweni kwetu, pale penye kibanda cha fundi viatu. Daftari la mchango lilikuwa linapita mkono kwa mkono. Kijana wa mjengo alikuwa ameanguka kutoka orofa ya nne, hana kofia ngumu, hana mkanda, na sasa mwili ulikuwa unatafutiwa nauli ya kwenda kuzikwa Siaya. Mmoja wetu akaandika shilingi zake 100, akatikisa kichwa, akasema ni mipango ya Mungu. Wengine wakaitikia, maana ndiyo desturi. Ndipo kijana wa bodaboda, ambaye kwa kawaida ni mkimya, akauliza: "Kama mpango ulikuwa aanguke kabla hata hajaoa, basi aliumbwa ili iwe nini? Na sisi tuliobaki tunaishi ili iwe nini?"

Hakuna aliyecheka. Swali hilo haliulizwi ovyo mtaani, kwa sababu kila mtu hapa amekuja na jibu lake kutoka kwao, na majibu hayo hayafanani.

Anayedhani yanafanana asimame barabarani Jumapili asubuhi. Waumini wa African Israel Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, wanapita na kanzu, bendera na ngoma. Akorino wanapita na vilemba vyao vyeupe. Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 wakimfuata Simeo Ondeto, wameshika rozari. Upande wa Kiamaiko, adhana imeshasikika tangu alfajiri. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 5 nchini Kenya, Wahindu zaidi ya 60,000, wafuasi wa dini za jadi zaidi ya 318,000, na watu zaidi ya 755,000 waliosema hawana dini. Wakristo wa kila namna walizidi asilimia 80. Katika ploti moja ya Huruma unaweza kukuta wa aina tano wakipanga foleni kwenye mfereji mmoja.

Wa kwanza kujibu alikuwa mzee fundi viatu mwenyewe, kwa kuwa marehemu alikuwa wa kwao. Aliweka sindano chini. "Mtu si wa kwake peke yake," akasema. "Alikuja kupitia watu, na lazima arudi kwa watu. Ndiyo maana hatumwachi makaburini Lang'ata."

Wakenya wa rika lake hawawezi kusikia hoja hiyo bila kukumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike shambani kwao Upper Matasia, Ngong, akisema mumewe alikuwa Mkristo na mtu wa kisasa aliyejichagulia maisha yake. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo huzikwa penye kitovu cha baba zake. Mwili ukakaa mochari, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Miezi mitano nchi nzima ilibishana juu ya kaburi, lakini hasa ilikuwa inabishana juu ya maisha: je, mtu ni nafsi yake na hiari yake, au ni kiungo katika ukoo ulioanza kabla yake na utakaoendelea baada yake?

Mama mboga akasonya. "Na mjane je? Yeye hakuwa mtu?" Ana haki ya kusonya. Jibu la ukoo lina uzito wake, na uzito huo mara nyingi umewaangukia wanawake. Hata hivyo, yeye mwenyewe anaishi ndani ya jibu hilo hilo. Mwanawe wa pili, mtoto wa darasa la tatu, humwita "baba". Kwa Wagikuyu mvulana wa pili hupewa jina la baba mzazi wa mama yake, na huyu mama akimtuma dukani humtuma kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mzazi. Ukimwuliza maana ya maisha atakwambia hajui mambo ya vitabu, lakini kila siku anamlea babake.

Msomi aliyeandika vizuri juu ya jambo hili alikuwa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kasisi wa Kianglikana, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba kwa jamii nyingi za kwetu aliyekufa hajaondoka mradi wapo wanaomkumbuka kwa jina. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo anapoteleza kwenda mbali. Kwa imani hiyo, kuishi ni kupokea jina, kulitunza, na kulikabidhi. Kijana aliyeanguka kabla hajaoa amekatiwa njia hiyo, na hicho ndicho kinachomliza mzee fundi viatu kuliko kitu kingine chochote.

Na hapo ndipo mzee alipotushangaza. Hakusema mipango ya Mungu. Alisema zamani mtu akifa mikononi mwa mwingine, hata kwa uzembe, ukoo ulidai. Ni kweli. Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938 jinsi koo za Wagikuyu zilivyolipana mbuzi kwa ajili ya damu, na Wasomali hadi leo wanakaa chini ya mti kujadili diya. Wazee wetu walimjua Mungu, waliomba wakielekea Kirinyaga, lakini mtu akiuawa kwa uzembe waliuliza kwanza: ni nani?

Wakati huo alikuwa amefika ndugu yetu mchinjaji wa Kiamaiko, bado na gambuti zake, amekuja kunywa chai. Kiamaiko, kama wasomaji wengi wa Nairobi wanavyojua, ndiko mbuzi wanakoshushwa kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na wengi wa wachinjaji ni Waborana, Waislamu. Jibu lake lilikuwa fupi: mtu ameumbwa amwabudu Mungu, dunia ni mtihani, na uhai ni amana itakayoulizwa. Kijana wa bodaboda akambana: kama yote yameandikwa, si ndiyo yale yale ya mipango?

Akaweka kikombe chini. Akaeleza anavyochinja. Mnyama analazwa, anaelekezwa kibla, jina la Mungu linatajwa. Kisu lazima kiwe kimenolewa vizuri, na hakinolewi mbele ya mnyama. Mbuzi hachinjwi mwenzake akitazama. Yote hayo ni mafundisho ya Mtume, ili mnyama asiteseke bure. Kisha akasema: "Mbuzi ambaye kufa kwake ni leo ana haki ya kisu kikali. Huyu kijana hakuwa na haki ya kofia?"

Kijiwe kikanyamaza. Nami naongeza alichokiacha. Waislamu wanaamini kadari, ndiyo, lakini ni wao hao wanaosimulia kwamba mtu alimwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee. Na ni wao hao wenye faradhi ya kifaya: maiti wa jirani akikosa wa kumwosha, kumvisha sanda, kumswalia na kumzika, dhambi ni ya mtaa mzima, na wakijitokeza wachache wakafanya, mtaa mzima umepona. Dini inayoweka deni la maiti juu ya mtaa wote haiwezi kukubali walio hai waachwe bila mwenyewe.

Mama mmoja Mkatoliki, anayeuza chapati upande wa pili, alikuwa anasikiliza huku akisukuma unga. Alisema jibu lake alilipata kwenye darasa la katekisimu akiwa mdogo na halijabadilika: tumeumbwa tumjue Mungu, tumpende, tumtumikie hapa chini, tupate kukaa naye. Akaelekeza mkono kule kwenye makao ya Masista wa Mama Teresa, wenye sari nyeupe zenye mistari ya buluu, ambao hapa hapa Huruma wanalea watoto waliotupwa na walemavu wasio na mtu. "Wale hawaongei sana," akasema. "Wanaosha." Kwa Mkristo huyu, maana ya maisha haitafutwi mawinguni. Iko kwa mtoto ambaye hawezi kukushukuru, kwa sababu Yesu alisema aliyemtendea mdogo amemtendea yeye.

Lakini si Wakristo wote wa mtaa wetu wanaofundisha hivyo, na hapa nasonya tena. Kuna mahubiri yanayotoka kwenye spika usiku kucha kwamba maana ya kuokoka ni kutajirika, na njia ya kutajirika ni kupanda mbegu. Mama anayelipa kodi kwa kukopa kwenye simu anaambiwa atoe ya mwisho, na asipobarikiwa anaambiwa imani yake ndogo. Mafundisho ya namna hiyo yanaupima uhai kwa gari na suti. Upande mwingine kuna yale yaliyoonekana Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 makaburi yalifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya watu wanaosemekana kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie ameshtakiwa, naye amekana mashtaka. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachosema ni hiki: mafundisho ya kwanza yanaufanya uhai kuwa biashara, ya pili yanaufanya kuwa takataka ya kutupwa haraka. Yote mawili yametoka nje ya kitabu ambacho wanaoyafundisha wanakishika mkononi.

Maana kitabu chenyewe kinasema wazi. Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Anayejenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukingo kwenye dari yake, ili mtu asianguke kutoka juu na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ya ujenzi, ndani ya Biblia, imeandikwa kabla Nairobi haijaota majani! Haisemi akianguka tumwombee. Inasema akianguka kwa kuwa hukuweka ukingo, damu ni yako. Fungua na Luka, sura ya 13. Yesu anawakumbusha watu juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na kukataa kabisa wazo kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Wahubiri wangapi wamewahi kusoma sura hizo mbili kwenye matanga ya kijana wa mjengo? Mimi bado sijamsikia hata mmoja.

Dereva wa lori, aliyekuwa anangoja kiatu chake, akaingiza ya kwake. Yeye si mtu wa kanisa sana, lakini kila anapokwenda Mombasa husimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu waliofanya kazi kwenye reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unaketi na kula, dengu na chapati na chai, na hakuna anayekuuliza dini wala anayekudai senti. Alishangaa miaka mingi kwa nini. Siku moja akaelezwa: Guru Nanak aliwafundisha wafuasi wake mambo matatu, kumkumbuka Mungu, kula jasho la halali, na kugawana. Kuketi chini na wengine na kula pamoja, tajiri na maskini, kwao ni ibada, hakuhesabiwi msaada. Mpishi anayekukorogea dengu anatimiza sababu ya kuumbwa kwake.

Majirani zao Wahindu wana jibu lililo mbali zaidi na letu. Kwao roho haianzi wala haikomi na mwili huu. Inapita mwili baada ya mwili, kila tendo likizaa tunda lake, hadi siku ya kufunguliwa. Ndiyo maana mwili wanauteketeza, na mahali pa kuteketezea pako Kariokor, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Wakenya wengi walipatazama kwa mara ya kwanza Oktoba 2011, Profesa Wangari Maathai alipopelekwa pale ndani ya jeneza lililosukwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya kifo chake. Watu walinong'ona sana: mwanamke wa Nyeri, Mkatoliki, anachomwa? Lakini hakuna aliyeweza kusema hakuwa amejibu swali la kuishi ili iwe nini. Alikuwa amelijibu kwa miti.

Kulikuwa na kijana mwingine, fundi wa simu, ambaye alisubiri wote wamalize. Akasema haamini kuna aliyepanga chochote. Wazee wakaguna, lakini hakuna aliyemfukuza. Wenzake wa fikra hiyo waliandikisha chama chao mwaka 2016, na Katiba ya 2010 inamlinda yeye kama inavyomlinda sheikh na askofu. Akasema: "Kwangu mimi huyu kijana alikuwa na maisha haya tu. Hakuna mengine yatakayomfidia. Ndiyo maana nina hasira kuliko nyinyi." Nilimsikiliza kwa makini. Sikubaliani naye juu ya Mungu. Juu ya hasira, nakubaliana naye kabisa.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi dini zote ni kitu kimoja. Huo ni uvivu wa kufikiri, na ni dharau kwa wanaoamini. Mchinjaji wa Kiamaiko anangoja siku ya hesabu. Mama wa chapati anangoja ufufuo. Mhindu wa Kariokor anangoja kufunguliwa. Mzee fundi viatu anangoja mjukuu mwenye jina lake. Fundi wa simu hangoji kitu. Hayo hayachanganyiki, na wala hayahitaji kuchanganywa ili tuishi pamoja. Lakini swali ni moja kwa wote watano, na hakuna hata mmoja ambaye jibu lake, akilifuata hadi mwisho, linaruhusu kusema kifo cha uzembe ni mpango wa Mungu.

Sisi wa Huruma tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine. Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa sita lililokuwa kando ya mto liliwaporomokea watu. Lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa, na bado vyumba vilikuwa vimepangishwa na kodi inakusanywa. Majirani ndio waliofika wa kwanza, kwa mikono na masururu, kisha wakaja Msalaba Mwekundu, Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na wanajeshi. Alfajiri ya Jumanne, saa zipatazo 80 baadaye, walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai ndani ya ndoo, amefungwa blanketi. Mama yake hakupona. Siku ya sita wakatolewa watu wazima wanne wakiwa hai. Waliokufa walikuwa kama 50.

Usiku ule hakuna aliyeulizwa dini kabla ya kushika koleo. Aliyevaa kilemba cha Akorino alipokezana mawe na aliyevaa kofia ya baraghashia. Wale walikuwa wamejibu swali la kijana wa bodaboda kabla hajaliuliza. Lakini kulipokucha, na mazishi yalipoanza, wimbo ukawa ule ule: kazi ya Mungu haina makosa. Jamani! Mungu hakuchanganya saruji ile. Mungu hakusimamisha nguzo kando ya mto. Mungu hakupokea kodi ya nyumba iliyowekwa alama. Mtoto aliyetoka ndani ya ndoo, huyo mshukuruni Mungu kwa ajili yake, ni haki yenu. Ukuta ulioua mama yake, huo una mwenyewe, na ana jina. Mwaka 2024 mto Mathare ulipofurika na kubeba watu na nyumba, wimbo ukaimbwa tena, ubeti kwa ubeti.

Tazama na daftari letu. Mchango wa kumsafirisha marehemu ulifika, kwa sababu watu wa Huruma hawaachi mwenzao mochari. Tulichangia jeneza, gari, turubai na chakula cha waombolezaji. Bei ya kofia ngumu na mkanda haifiki sehemu ndogo ya hizo fedha, na hakuna daftari lililowahi kupitishwa kwa ajili yake, wala hakuna aliyekwenda kumdai mwenye mjengo. Tunamheshimu mtu akishakufa, na akiwa hai juu ya mbao tunapita chini yake bila kuangalia juu. Hakuna dini niliyoitaja hapa iliyofundisha hivyo.

Kwa hiyo neno langu ni moja. Ishi kwa imani yako, ya ukoo, ya kitabu au ya kutokuwa na kitabu, lakini iishi hadi mwisho wake. Ijumaa hii mwulize imamu, Jumapili hii mwulize padri au mchungaji, nyumbani waulize wazee: imani yetu inasema nini juu ya nyumba yenye nyufa na kijana asiye na kofia? Ukiona ufa kwenye nguzo ya ploti yenu, usiuombee tu. Peleka habari kwa chifu na kwa kaunti, nenda na majirani, rudi tena wakikupuuza. Na mtu akisema mbele yako kwamba kifo kama hicho ni mipango ya Mungu, mkatize kwa adabu na umwulize maswali matatu: nani alijenga, nani aliruhusu, nani alikuwa anakusanya kodi?